Kamba na changu wa Jumamosi: upishi wa hoteli katika jiko la nyumbani

Sahani moja ya kamba na samaki wa kuchoma katika hoteli ya ufukweni inaweza kumaliza hela ya mboga ya wiki nzima. Ndiyo maana wengi wetu tunaila mara mojamoja, akija mgeni wa heshima au ikifika siku ya kumbukumbu ya ndoa, kisha tunarudi nyumbani tukiamini kwamba mpishi wa hoteli ana siri yake. Siri hiyo haipo. Alicho nacho ni utaratibu: samaki mbichi kwelikweli, aliyekaushwa maji vizuri, moto mkali wa muda mfupi, na mchuzi uliopikwa pembeni ukakolea kabla haujakutana na samaki. Mambo hayo manne yanawezekana Temeke, Tanga, Mtwara, Likoni na Chake Chake, kwa jiko la gesi la plate mbili na jiko la mkaa.

Na sisi wa pwani tuna jambo la tano ambalo hoteli nyingi duniani zinalilipia fedha nyingi: bahari iko karibu. Tanzania peke yake ina ukanda wa pwani wa zaidi ya kilomita 1,400. Anayeishi kandokando ya bahari hiyo anaweza kununua asubuhi samaki aliyevuliwa usiku, akamla jioni ya siku hiyohiyo. Mwenye bahati hiyo hana sababu ya kula samaki mkavu.

Lakini tunamla mkavu, na chanzo chake kinaeleweka. Ukipita Soko la Samaki la Feri jijini Dar es Salaam, upande wa makarai, utaona samaki wanavyozamishwa katika mafuta yanayochemka na kuachwa humo mpaka wanakauka kabisa. Anayekaanga hakosei. Samaki wake atapanda daladala, atakaa juani kwenye meza ya mchuuzi, na pengine atalala bila friji. Kumkausha kwa mafuta ni kumhifadhi, na ni ujuzi wa miaka mingi. Tatizo ni kwamba tabia hiyo tumeihamishia nyumbani, kwenye jiko ambalo samaki anatoka kwenye barafu na kuliwa baada ya nusu saa. Hapo hakuna cha kuhifadhi. Tunachofanya ni kumtoa maji yote na utamu wake wote, halafu tunamwagia mchuzi ili alainike tena.

Nyama ya samaki si ya ng'ombe. Ng'ombe anabeba uzito wake kwa miguu, kwa hiyo misuli yake imefungwa kwa nyuzi ngumu zinazohitaji saa nyingi motoni ili zilainike. Samaki anabebwa na maji. Nyuzi zake ni chache na laini, na huachia mapema sana. Nyama ikishafika nyuzi joto 63 ndani, samaki ameiva na ni salama kuliwa. Kila dakika inayoongezwa baada ya hapo inamkausha tu.

Sokoni: jicho, shavu na kidole

Nusu ya upishi huu inafanyika sokoni. Soko la Feri, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kuanza kazi mwaka 2002, huchangamka alfajiri vyombo vinapofika. Samaki humwagwa kwenye meza za mnada, dalali anapaza sauti, bei inapanda, na ndani ya muda mfupi meza iko tupu ikisubiri shehena nyingine. Mnada unauza kwa mafungu makubwa, lakini majirani wawili au watatu wakichanga wanaweza kununua fungu na kugawana. Asiyetaka purukushani za mnada anasogea kwa wachuuzi wa rejareja palepale, kisha kwa vijana wa kuparua, wanaotoa magamba na matumbo kwa malipo madogo.

Mwangalie samaki kwanza machoni. Jicho liwe limejaa na linang'aa. Likiwa limezama na lina ukungu, endelea na safari. Fungua shavu: ndani pawe pekundu, si kahawia wala kijivu. Bonyeza ubavuni kwa kidole: nyama irudi mahali pake mara moja. Mwisho mnuse. Samaki mbichi ananukia bahari. Anayenuka samaki amekwisha kuchelewa.

Kamba naye ana dalili zake. Kichwa kiwe kimeshikamana na kiwiliwili, ganda liwe gumu na linang'aa, kusiwe na weusi unaoenea kuanzia kichwani. Kamba wengi wa soko letu wanatoka Bagamoyo, Saadani na delta ya Rufiji, ambako wadogo hukulia kwenye maji ya mikoko kabla hawajatoka kwenda baharini. Mkoko ukikatwa, kamba anapungua. Mwishoni mwa muongo wa 2000 Serikali ililazimika kusimamisha meli kubwa zilizokuwa zikikokota nyavu za kamba, kwa sababu kamba walikuwa wanaisha. Kamba aliye mezani kwako ana historia hiyo, na anastahili kupikwa kwa uangalifu.

Kuna samaki mwingine wa kumkataa hata kama jicho lake linang'aa: aliyevuliwa kwa baruti. Nyama yake imelegea mno kwa samaki mbichi, ukimpasua unakuta damu imevilia ndani, na mara nyingi uti wa mgongo umevunjika. Uvuvi huo ni kosa la jinai, na unavunja matumbawe ambayo changu, tasi na chewa wanategemea kuishi. Mpishi anayemwacha mezani anasaidia kuufanya usiwe na soko.

La mwisho kuhusu sokoni ni barafu. Nenda na ndoo yenye mfuniko, nunua barafu, na umfukie samaki humo mpaka nyumbani. Kwa jodari na vibua hili si suala la ladha tu. Samaki wa jamii hiyo wakikaa kwenye joto, bakteria huzalisha ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini, inayoleta uso mwekundu, kichwa kuuma na muwasho wa mwili. Kupika hakuiondoi. Kinachoizuia ni baridi tangu chomboni.

Mahitaji ya watu wanne

Kwa kamba: kamba wenye vichwa, nusu kilo hadi robo tatu, kitunguu saumu punje sita, samli vijiko viwili vya chakula, siagi halisi ya maziwa kijiko kimoja, pilipili mbuzi nusu, ndimu mbili, giligilani ya kutosha kiganjani.

Kwa changu: changu wawili wa gramu 600 hadi 700 kila mmoja, nazi mbili, rojo la ukwaju vijiko viwili vya chakula, nyanya moja kubwa iliyosagwa, kitunguu saumu punje nne na kipande cha tangawizi, vyote vimetwangwa, manjano nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, pilipili mbuzi moja nzima, chumvi.

Pembeni: vikombe viwili vya mchele, embe bichi moja, kitunguu maji kimoja.

Kabla ya moto

Ukiingia katika jiko la hoteli saa moja kabla ya wateja, utaona vibakuli. Kitunguu kimekatwa, saumu imetwangwa, ndimu zimepasuliwa, mchuzi umeshapikwa. Wateja wakifika mpishi anaunganisha tu. Jiko la nyumbani linaharibika pale mtu anapomenya kitunguu saumu huku kamba wako motoni. Kwa chakula hiki, usiwashe jiko la samaki mpaka kila kitu kiko kwenye kibakuli chake.

Anza na kamba. Ng'oa vichwa, vua maganda, bakiza mkia kwa ajili ya kushikia. Pasua mgongoni kwa ncha ya kisu na utoe uzi mweusi. Vichwa na maganda usitupe kamwe, kwani humo ndimo mnamopatikana ule mchuzi wenye rangi ya dhahabu unaoushangaa hotelini. Vikaange kwa mafuta kidogo hadi viwe vyekundu, viponde kwa mwiko ili mafuta ya kichwani yatoke, tia vikombe viwili vya maji, chemsha dakika 20. Chuja, rudisha motoni, acha ipungue hadi ibaki nusu kikombe. Rangi itakuwa imeiva na harufu itajaza nyumba. Weka pembeni.

Kisha changu. Wachanje mara tatu kila ubavu mpaka kisu kiguse mfupa, ili moto uingie sawasawa. Wafute kwa kitambaa safi, ndani na nje, wapake chumvi na nusu ya manjano, uwaweke kwenye friji bila kuwafunika kwa saa moja au zaidi. Ngozi itakauka. Ngozi iliyokauka haigandi kwenye wavu, na inashika rangi haraka, kwa kuwa moto haupotezi nguvu kwanza kwa kuchemsha maji.

Tuzungumze kuhusu ndimu, kwa maana wengi tunaizidisha. Kumwosha samaki kwa ndimu na kumsuuza ni jambo jema. Kumlaza kwenye ndimu tangu mchana ni kumharibu, kwani uchachu hubadili nyama yake kama moto unavyofanya: inakuwa nyeupe na kukazana kabla haijafika jikoni. Ndimu ina kazi kubwa zaidi mwishoni, ikikamuliwa juu ya sahani.

Kuna nazi vilevile. Kuna, kamua tui zito na uliweke peke yake, kisha tia maji ya uvuguvugu na ukamue tui jepesi. Jepesi litapika wali. Zito ndilo la kupaka. Katakata embe bichi na kitunguu maji vipande vyembamba, tia chumvi na ndimu, acha kachumbari ikae.

Changu wa kupaka

Mombasa, Lamu na Unguja kila mji una mkono wake wa samaki wa kupaka, lakini msingi ni mmoja: samaki anachomwa, tui linakolezwa peke yake, kisha viwili hivi vinakutana juu ya makaa. Mabibi zetu walikuwa wanatenganisha mchuzi na samaki zamani sana kabla hoteli hazijajengwa.

Weka sufuria motoni na mafuta kidogo. Kaanga saumu na tangawizi hadi harufu itoke, tia bizari na manjano yaliyobaki, kisha nyanya. Nyanya ikikauka na kuachia mafuta, punguza moto, mimina tui zito na udondoshe pilipili mbuzi nzima. Koroga bila kuacha, la sivyo tui litakatika. Baada ya dakika kumi hadi kumi na tano litakuwa zito kiasi cha kushika mgongo wa mwiko. Ipua, ndipo utie ukwaju, maana ukwaju ukiingia kwenye tui linalochemka kwa nguvu unalikata. Onja chumvi. Mchuzi huu unapaswa kuwa mkali kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu samaki ataupoza.

Makaa yawe yameshika vizuri na kuvaa majivu meupe. Wavu upate moto kwanza, kisha upakwe mafuta kwa kitambaa. Laza changu, na hapo mikono itulie. Tunawararua samaki kwa kuwageuza mapema. Ngozi ikishaungua inavyotakiwa inaachia wavu yenyewe. Ukiinua kidogo na bado imeshika, subiri dakika moja. Upande mmoja utachukua dakika sita hadi nane kwa samaki wa ukubwa huu. Wageuze, uwape dakika tano upande wa pili.

Sasa anza kupaka. Chota mchuzi, upake upande wa juu hadi ndani ya michanjo, sogeza samaki pembeni penye moto mdogo, geuza, paka upande wa pili. Tui litachuruzika, litavuta moshi, na kingo zake zitaanza kuwa na madoa ya kahawia. Dakika mbili kila upande zinatosha. Ili kuhakikisha, ingiza ncha ya kisu kwenye uti wa mgongo, mahali palipo panene kuliko pote: nyama iachie mfupa, iwe nyeupe, na bado ina unyevu. Ikiwa inang'ang'ania mfupa, mrudishe kidogo. Mchuzi uliobaki upashe moto uupeleke mezani kwenye bakuli. Aliye na jiko la umeme lenye oveni aipashe hadi nyuzi 220, aoke changu kwa dakika 18 hivi, kisha apake na kurudisha chini ya moto wa juu.

Kamba wa dakika tano

Kamba wapikwe mwisho kabisa, wakati watu wameshanawa mikono. Wafute wakauke, wanyunyizie chumvi. Kikaango kizito kiwe na moto kiasi kwamba tone la maji likianguka linatoweka papo hapo. Tia samli. Samli ni bora kuliko siagi kwa kuanzia, kwa sababu imeondolewa maji na maziwa yanayoungua. Panga kamba safu moja, wasilaliane. Wakirundikana watatoa maji na kuchemka humo, na rangi ya kahawia hutaiona. Kama kikaango ni kidogo, pika kwa awamu mbili.

Dakika moja na nusu upande mmoja, geuza, dakika moja upande wa pili. Mwangalie kamba mwenyewe, atakuambia. Akiwa amejikunja kama herufi C na amekuwa wa waridi, ameiva. Akijifunga hadi kuwa O, amepitiliza na atatafunika kwa shida. Waipue wote waweke kwenye sahani.

Punguza moto. Kwenye samli iliyobaki tia saumu na pilipili, koroga nusu dakika tu, kwani saumu ikiungua inakuwa chungu na hakuna dawa. Mimina ule mchuzi wa vichwa, ukwangue masalia yaliyoshika chini ya kikaango, acha uchemke mpaka uwe mzito. Zima moto, tia siagi na utikise kikaango iyeyuke. Ndiyo inayoupa mchuzi ule mng'ao. Kamua ndimu, rudisha kamba, changanya mara moja, nyunyiza giligilani. Peleka mezani hapohapo.

Saa ya jikoni

Anayetaka kula saa mbili usiku apange hivi. Saa kumi jioni samaki wawe wameshaparuliwa na kukaushwa, wanaingia friji. Saa kumi na moja mchuzi wa vichwa uko motoni, nazi inakunwa. Saa kumi na mbili tui la kupaka limekwisha kukolea na kachumbari iko tayari. Hapo pumzika, oga, andaa meza. Saa moja na robo bandika wali na washa mkaa. Saa moja na nusu samaki wanaingia wavuni. Saa mbili kasoro dakika kumi wanaipuliwa na kuachwa watulie, na kamba wanaanza. Kwa mpangilio huu mpishi naye anakaa kula na wageni wake, jambo ambalo majumbani kwetu mara nyingi halitokei.

Ukikosa kamba au changu

Bei ya samaki hufuata upepo na mwezi. Kusi ikivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki mbali na bei hupanda. Bahari ikitulia wakati wa kaskazi samaki huwa wengi. Mpishi mwenye busara haendi sokoni na jina moja. Tasi, kolekole mdogo na chewa wanapakwa vizuri kama changu. Vibua wa bei nafuu, wakiwa wabichi kweli, wanakubali moto wa makaa na ukwaju kuliko samaki wengi wa gharama.

Badala ya kamba chukua ngisi, ila fahamu kanuni yake: dakika mbili kwenye moto mkali, au zaidi ya nusu saa kwenye moto mdogo. Katikati ya hapo ni mpira. Pweza yeye anataka subira. Ana nyuzi ngumu nyingi, ndiyo maana wavuvi humpiga kwenye mwamba. Kumgandisha kwenye friza usiku mmoja kunafanya kazi hiyohiyo. Mweke kwenye sufuria bila maji wala chumvi, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe na kuiva ndani yake kwa saa moja hivi, kisha mchome haraka na umpake tui. Usinunue mdogo: kanuni za uvuvi Tanzania zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na kwa vile pweza hukua haraka, wiki chache za kumwacha baharini zinaongeza uzito wake sana.

Walio bara wasijione wameachwa. Sato wa Mwanza au Kigoma anapakwa tui na kuchomwa kwa hatua hizihizi, na kamba wa kugandishwa ni wazuri mradi wayeyuke taratibu ndani ya friji tangu jana yake, si kwenye maji ya moto. Hoteli nyingi zenyewe zinatumia hao.

Asiyewahi kujaribu aanze na kamba peke yao, robo kilo, siku ya kawaida isiyo na wageni. Ajifunze kikaango chenye moto mkali, safu moja, na kuipua mapema kuliko moyo unavyotaka. Akishaweza hilo, changu hatamshinda, wala hatahitaji kusubiri siku ya kumbukumbu ya ndoa ili watoto wake wajue samaki aliyepikwa vizuri ana ladha gani. Bahari ni yetu, wavuvi ni ndugu zetu, na kazi yao ya usiku kucha inastahili dakika chache za umakini jikoni.